Kusoma sayansi za maandalizi ya udaktari wakati wa kiangazi ili kupata muhula wa kusoma nje ya nchi: ushauri kwa walioko Marekani

Ndugu wanajamvi, salaam kwenu nyote.

Mwezi uliopita binti wa dada yangu, ambaye yuko mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja cha jimbo hapa Marekani, alinitembelea Jumapili akiwa na karatasi ya daftari aliyoichora miraba minane, mraba mmoja kwa kila muhula wa shahada yake ya kwanza. Miraba saba ilikuwa imejaa majina ya kozi hadi pembezoni. Mmoja uliobaki, ambao ni muhula wa kwanza wa mwaka wa tatu, ulikuwa na maneno mawili matatu tu yaliyoandikwa kwa herufi kubwa: Dar es Salaam. Chini ya miraba alikuwa amechora mistari ya likizo za kiangazi cha huku, yaani Mei hadi Agosti, na kwenye mstari wa kwanza aliandika kemia ogania (kemia ya misombo ya kaboni) ya kwanza na ya pili, kila moja kwa wiki tano. Aliisukuma karatasi upande wangu wa meza, akaniuliza, "Mjomba, hii inawezekana?"

Nimefanya kazi katika maabara za kufundishia kemia za chuo kingine kwa miaka tisa, na katika muda huo nimesimamia madarasa ya kiangazi mara saba, kwa hiyo swali lake nimelisikia kutoka kwa vijana wengi. Hata hivyo nilimwomba anipe siku chache, kwa sababu safari hii ilikuwa ni damu yangu. Jibu nililompa ni kwamba aende Dar es Salaam, na kwamba kiangazi kinaweza kweli kumfungulia nafasi hiyo, lakini kemia ogania si somo la kukimbizwa hivyo. Najua humu kuna wazazi na vijana walio katika hali hiyohiyo, ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Nianze na utaratibu, kwa ajili ya wenzetu walioko nyumbani ambao wamezoea mwingine. Tanzania, kijana aliyefaulu kidato cha sita kwa mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) huingia moja kwa moja katika shahada ya udaktari, akasoma miaka mitano, kisha akafanya utarajali wa mwaka mmoja. Marekani, chuo cha udaktari hupokea watu waliokwisha kupata shahada ya kwanza, na shahada hiyo inaweza kuwa ya historia, ya muziki au ya kitu kingine chochote, mradi mwombaji awe amepita katika sayansi zinazotakiwa. Kwa vyuo vingi hizo ni mwaka mmoja wa biolojia, mwaka mmoja wa kemia ya jumla, mwaka mmoja wa kemia ogania na mwaka mmoja wa fizikia, zote pamoja na maabara zake, na siku hizi pia muhula mmoja wa biokemia. Juu yake kuna hisabati au takwimu na uandishi wa Kiingereza. Tangu mwaka 2015, mtihani wa kuingilia unaoitwa MCAT ulipobadilishwa, wengi huongeza saikolojia na sosholojia kwa sababu moja ya sehemu zake nne hutegemea masomo hayo.

Sasa, ugumu wa mwanafunzi wa aina hii anayetaka kusoma muhula mmoja nje ya nchi hautokani na wingi wa kozi peke yake. Unatokana na mnyororo. Huwezi kuanza kemia ogania kabla ya kumaliza kemia ya jumla, na kwa kawaida huwezi kuanza biokemia kabla ya kumaliza kemia ogania, au angalau sehemu yake ya kwanza. Hiyo ni miaka miwili na nusu ya kemia iliyopangwa kwa mstari mmoja, na vyuo vingi hufundisha sehemu ya kwanza muhula wa vuli (Agosti hadi Desemba) tu na sehemu ya pili muhula wa masika (Januari hadi Mei) tu. Anayeondoka katikati ya mnyororo anaweza kukuta amesubiri mwaka mzima ili kozi irudi. Ndipo watu hukimbilia kiangazi, na kiangazi kina historia ndefu katika jambo hili: shule ya kiangazi ya Harvard ilianza mwaka 1871, na hadi leo hufundisha kemia ogania ya mwaka mzima ndani ya wiki saba.

Watu husikia "wiki saba" au "wiki tano" wakadhani ni kozi iliyopunguzwa. Haikupunguzwa hata ukurasa mmoja. Muhula wa kawaida una wiki kumi na tano hivi. Kozi ya krediti tatu ina takriban saa 45 za mihadhara, na maabara yake ya saa tatu kila wiki inaongeza saa nyingine 45. Ukiziingiza saa hizo 90 katika wiki tano unapata saa kumi na nane za kukaa darasani na maabara kila wiki. Kwa kila saa ya mhadhara mwanafunzi hushauriwa asome saa mbili peke yake, ambazo ni kumi na nane nyingine. Tayari ni saa 36, kabla hajaandika ripoti hata moja ya maabara, na hiyo ni kozi moja. Kijana akiugua siku tatu katika muhula wa kawaida amekosa mihadhara miwili. Akiugua siku tatu katika kiangazi amekosa mambo ya zaidi ya wiki moja na nusu ya muhula wa kawaida, na mtihani wa kati unaweza kuwa umeshapita.

Naomba niwaonyeshe kitu kimoja kwa karibu, kwa maana hesabu peke yake haielezi. Katika wiki za mwanzo za maabara ya kemia ogania tunafundisha kutenganisha vitu kwa vimiminika viwili visivyochanganyika. Kuna chombo cha kioo chenye umbo la peasi, kina kizibo juu na koki chini. Unamimina maji na kiyeyushi, unatikisa huku ukiachia hewa, unakining'iniza kwenye pete, unasubiri matabaka mawili yajitenge, kisha unafungua koki na kulitoa la chini polepole. Ukitumia etha, etha huelea juu ya maji. Ukitumia dikloromethani, yenyewe ni nzito kuliko maji na hukaa chini. Kiangazi kimoja mwanafunzi wangu, kijana makini sana, alikuwa ametumia etha siku ya Jumatatu. Jumanne tulitumia dikloromethani. Mkono wake ulikuwa bado unaikumbuka Jumatatu. Alitoa tabaka la chini akalimwaga katika chombo cha taka, akabaki ameshika maji matupu huku zao lake la saa tatu likiwa limechanganyika na taka za darasa zima. Nilimwona akikigeuzageuza kile chombo kwenye mwanga, akitafuta kitu ambacho hakikuwemo tena.

Kosa hilo hufanywa na karibu kila mtu, na katika muhula wa kawaida lina dawa: unakwenda nyumbani, unalala nalo wiki nzima, unamuuliza mwalimu Alhamisi, na maabara inayofuata mkono wako umeshajua. Yule kijana alikuwa na maabara nyingine kesho yake saa mbili asubuhi na ripoti ya ile iliyoharibika kabla ya usiku wa manane. Hakupata muda wa kulielewa kosa lake. Alipata muda wa kuliandikia maelezo tu.

Upande wa mihadhara ni vilevile. Kemia ogania haikaririki. Mwanafunzi hujifunza kuchora mishale iliyopinda inayoonyesha elektroni zinatoka wapi na kwenda wapi, na kwa mishale hiyo hutabiri kitakachotokea kwa molekuli ambayo hajawahi kuiona. Mwanzoni anaiga michoro ya mwalimu, na siku moja, mara nyingi karibu na wiki ya nane au ya tisa, anaanza kuona kwa nini mshale hauwezi kwenda kwingine. Nimeliona badiliko hilo usoni mwa wanafunzi wengi. Kupiga msuli usiku kucha hakulileti mapema, kwa maana linahitaji kulala, kusahau kidogo na kurudia. Katika darasa la wiki tano, mtihani wa mwisho umekwisha kabla wengi hawajafika hapo, na wale waliofaulu kwa kukariri huja kulilipia deni hilo katika biokemia.

Kwa hiyo nilimwonyesha mpwa wangu kipande cha karatasi yake ambacho hakikuwa kimefungwa na kitu: fizikia. Katika masomo haya yote, fizikia ndiyo ambayo hakuna kozi nyingine inayoisubiri. Vyuo vingi vya udaktari hukubali ile inayotumia aljebra bila kalkulasi, ambayo nyingi ya mada zake amekutana nazo sekondari: mwendo, kani, nishati, halafu umeme, sumaku na mwanga. Haitakuwa rahisi, na saa nilizozitaja hapo juu ni zilezile, lakini maarifa yake hukaa katika mada zinazoweza kushughulikiwa moja baada ya nyingine. Kijana akilegea katika sumaku bado anaweza kufanya vizuri katika lenzi. Ratiba tuliyoiandika upya ni hii: mwaka wa kwanza kemia ya jumla na biolojia, mwaka wa pili kemia ogania kwa mwendo wa kawaida, kiangazi cha baada ya mwaka wa pili fizikia ya kwanza na ya pili bila kozi nyingine na bila kazi ya saa nyingi, halafu Agosti aondoke. Akirudi Januari anaingia biokemia akiwa na kemia ogania nzima kichwani. Kiangazi cha kwanza nilimwomba akiache wazi kabisa, afanye kazi na apumzike.

Kuna mambo manne ambayo lazima yajulikane kabla ya kulipia kozi ya kiangazi, na la kwanza nitalieleza zaidi kwa sababu ndilo linalowaumiza watu wetu. Wazazi wengi tuliosoma nyumbani tuna wazo la sapu vichwani mwetu. Mtoto akishindwa somo atafanya mtihani wa marudio Septemba, atafaulu, maisha yataendelea. Hapa hakuna sapu. Alama mbaya hubaki kwenye transkripti, yaani rekodi rasmi ya alama, na hata akirudia kozi nzima na kupata A, AMCAS, ambao ndio mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vingi vya udaktari, huhesabu alama zote mbili katika wastani wake. Mfumo huo hukokotoa pia wastani wa pekee wa biolojia, kemia, fizikia na hisabati. Vilevile hudai transkripti ya kila chuo cha Marekani ambacho mwombaji amewahi kusoma. Kozi ya kiangazi katika chuo cha jamii cha karibu na nyumbani, ambayo chuo chake mwenyewe huenda kikaipokea kama krediti tu bila kuingiza alama katika wastani wake (GPA), itaonekana na itahesabiwa na AMCAS kama nyingine zote. Nimewahi kumwona mama mmoja akilia ofisini kwetu kwa sababu alidhani C ya mwanawe "ilibaki kule."

La pili ni idhini ya kuhamisha krediti, ambayo hutakiwa kwa maandishi kabla kozi haijaanza. La tatu ni barua za mapendekezo. Vyuo vingi vya udaktari hutaka barua kutoka kwa walimu wa sayansi, na mwalimu aliyekuona kwa wiki tano katikati ya kishindo kile hana mengi ya kusema juu yako, kwa hiyo barua zipangwe kutoka katika kozi za muhula wa kawaida. La nne, hakikisheni maabara ni ya kusimama mezani na kushika vyombo, kwa maana baadhi ya vyuo vya udaktari havikubali maabara za mtandaoni. Masharti ya kila chuo yamo katika hifadhidata ya AAMC, chama cha vyuo vya udaktari vya Marekani, iitwayo MSAR, na inafaa kuisoma kwa jina la chuo, si kwa kusikia.

Halafu kuna kalenda ya maombi yenyewe. Anayetaka kuingia chuo cha udaktari mara tu baada ya mwaka wa nne inafaa atume maombi mwanzoni mwa Juni ya mwisho wa mwaka wa tatu, akiwa tayari ameshafanya MCAT, na matokeo ya mtihani huo huchukua takriban mwezi mmoja. Mtu aliyekuwa ng'ambo Agosti hadi Desemba ana Januari hadi Mei tu kwa biokemia na matayarisho ya mtihani wenye maswali 230 unaokaliwa zaidi ya saa sita. Wapo wanaoweza. Mimi nilimwambia mpwa wangu asijibane, aombe mwaka mmoja baadaye, kwa sababu siku hizi zaidi ya nusu ya wanaoingia vyuo vya udaktari hapa wamekaa angalau mwaka mmoja baada ya shahada ya kwanza. Dada yangu hakulipenda hilo mwanzoni, naye nilimwelewa.

Jambo moja ambalo nusura litupite ni kalenda ya kule anakokwenda. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huanza mwaka wake wa masomo Oktoba au Novemba, na muhula wa kwanza huendelea hadi karibu Februari, wakati muhula wa hapa unaanza Januari. Muhula wa pili wa kule humeza kiangazi cha huku. Mwanafunzi anayejiandikisha moja kwa moja anaweza kupoteza mihula miwili kwa ajili ya mmoja. Tulipata programu inayosimamiwa na taasisi ya Kimarekani, yenye kalenda yake ya Agosti hadi Desemba na masomo ya afya ya jamii na Kiswahili. Na hapo niseme wazi kwa nini nimelipigania hili. Mpwa wangu alitoka Morogoro akiwa na miaka sita. Bibi yake akimpigia simu, anaelewa kila neno lakini hujibu kwa Kiingereza, na bibi huomba simu apewe mama yake. Sitaki awe daktari kwa kulipa gharama hiyo. Sayansi zitafundishwa mwaka hadi mwaka, bibi ana miaka 81.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji, mwanafunzi, Texas:

Shikamoo mkuu. Nimesoma uzi wako wote na nimejifunza, lakini sikubaliani na sehemu moja. Nilisoma kemia ogania ya kwanza kiangazi kilichopita kwa wiki tano na nikapata A. Isitoshe, kwa maelezo ya AAMC yenyewe, kemia ogania ni asilimia 15 tu ya sehemu moja ya MCAT na asilimia 5 ya nyingine, wakati fizikia ni asilimia 25 ya sehemu moja. Kama kuna somo la kupitisha haraka, kwa nini lisiwe lile lenye uzito mdogo?

Mleta uzi:

Marahaba, na hongera sana kwa A hiyo. Takwimu zako ni sahihi. Naomba uangalie mstari unaofuata katika jedwali hilohilo: biokemia ni asilimia 25 katika sehemu mbili. Kimeng'enya kinavyokata protini, glukosi inavyofungwa kuwa pete, vyote hivyo husomwa kwa mishale ileile ya kemia ogania. Ndiyo maana siupimi uzito wa kemia ogania kwa maswali yanayobeba jina lake.

Ningependa pia kukuuliza ulisoma wapi sekondari. Kama ulimaliza kidato cha sita nyumbani kwa PCB, basi ulikwisha kukutana na hidrokaboni, alkoholi na benzini kwa miaka miwili, na wiki tano zako zilikuwa za marudio na nyongeza. Kwa vijana wa aina hiyo naondoa pingamizi langu, mradi wasiwe na kazi ya usiku. Mpwa wangu alisoma sekondari ya hapa, na kemia ogania aliyoiona haikujaza daftari moja.

Mchangiaji, mwanafunzi, Texas:

Ni kweli mkuu, nilisoma PCB Kilimanjaro. Na nilikuwa nakaa kwa kaka yangu, sikuwa nafanya kazi. Sikulifikiria hilo.

Mchangiaji, mzazi, Ohio:

Kaka, asante kwa uzi huu. Binti yangu naye anapanga muhula nje ya nchi, na shemeji yangu ni daktari katika hospitali ya wilaya huko nyumbani. Amesema binti akifika atamwingiza wodini na leba, ajifunze kwa vitendo kabla ya wenzake. Je, hilo halitampa nguvu katika maombi yake?

Mleta uzi:

Dada yangu, mshukuru shemeji kwa moyo wake, lakini binti abaki kuwa mtazamaji. AAMC imetoa mwongozo maalumu kwa wanafunzi wanaokwenda nchi nyingine, nao unawaonya wasifanye kwa mgonjwa jambo ambalo hawajafundishwa na wasingeruhusiwa kulifanya hapa. Mwanafunzi anayeandika katika maombi kwamba alizalisha au alishona jeraha akiwa mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza anaweza kukataliwa kwa sentensi hiyo hiyo, na wasomaji wa maombi wanalijua hilo vizuri. Mimi naliona kwa upande wa mgonjwa pia. Mama anayejifungua katika hospitali ya wilaya ana haki ya mkono uliofunzwa, kama vile mama wa Ohio. Akae na shemeji yako kliniki ya wagonjwa wa nje, asikilize jinsi anavyomhoji mgonjwa, aandike anachokiona jioni. Kwa Kiswahili chake ataona mengi ambayo wanafunzi wenzake hawatayaona.

Mchangiaji, Iowa:

Kaka mleta uzi, nakusalimu. Sisi ni Wakongomani, tulipita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuletwa hapa. Mdogo wangu wa kike anasoma kwa msaada wa serikali, yaani Pell. Tuna maswali mawili. Kwanza, je, msaada huo unalipa kiangazi, kwa maana kiangazi ndicho alichokuwa akikitumia kufanya kazi na kusaidia nyumbani? Pili, yeye ana kadi ya kijani, yaani ya ukaazi wa kudumu, lakini hana pasipoti ya nchi yoyote. Anaweza kwenda Tanzania kusoma na akarudi?

Mleta uzi:

Nashukuru ndugu yangu, maswali yako yanahitaji uangalifu na nitayajibu moja moja.

Kuhusu Pell, tangu kiangazi cha 2017 mwanafunzi anaweza kupata hadi asilimia 150 ya kiwango chake cha mwaka, yaani nyongeza inayoweza kutumika kiangazi, mradi ajiandikishe angalau nusu ya mzigo wa kawaida, ambayo kwa vyuo vingi ni krediti sita. Fizikia ya kwanza na ya pili pamoja na maabara zake zitavuka kiwango hicho. Lakini ipo hesabu nyingine: Pell ina kikomo cha jumla cha miaka sita ya msaada kamili katika maisha, na nyongeza ya kiangazi hukatwa humo. Na mshahara wa kiangazi ambao nyumba imeuzoea hautakuwepo, kwa hiyo mkae kama familia mapema, siyo mwezi Mei, mkubaliane. Nimeona vijana wakiingia maabara saa mbili asubuhi kutoka zamu ya usiku ya ghala, wakiwa na macho mekundu na kimiminika kinachowaka mikononi. Hilo siliruhusu tena katika maabara yangu. Namrudisha kijana nyumbani akalale.

Kuhusu safari, mwenye kadi ya kijani aliyeingia kama mkimbizi na hana pasipoti huomba hati ya kusafiria ya mkimbizi kwa fomu I-131. Lazima aiombe akiwa ndani ya Marekani kabla ya kuondoka, huchukua miezi mingi kuja, na ikija ni halali kwa mwaka mmoja tu, kwa hiyo isiombwe kwa kuchelewa wala miaka miwili kabla. Atahitaji pia kibali cha kuingia Tanzania kwa hati hiyo. Kurudi nchi aliyoikimbia kunaweza kuleta maswali makubwa. Kwenda Tanzania kusoma ni jambo tofauti, lakini asivuke ziwa kwenda kusalimia Uvira, upande wa Kongo, bila kuzungumza kwanza na mwanasheria wa uhamiaji.

Na kuna jambo ambalo huenda ninyi mmelipita bila kulijua. Upo ufadhili wa Gilman, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2000, kwa ajili ya wanafunzi wa Pell wanaotaka kusoma nje, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazopewa nyongeza ya pekee. Unatolewa kwa raia wa Marekani tu. Je, mama au baba yenu amekwisha kuapishwa kuwa raia? Kama aliapishwa kabla mdogo wako hajatimiza miaka 18, na wakati huo mdogo wako alikuwa na kadi ya kijani na anaishi chini ya malezi yake hapa Marekani, basi kwa sheria binti huyo ni raia tayari, hata kama hajawahi kuomba. Angeweza kupata pasipoti ya Marekani, na suala lote la hati ya mkimbizi lingeondoka.

Mchangiaji, Iowa:

Baba aliapa mwaka 2021. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na sita, na tulikuwa tukiishi naye. Hakuna aliyetuambia. Asante sana kaka.

Mleta uzi:

Basi chukueni cheti cha uraia cha baba, cheti cha kuzaliwa cha binti au karatasi iliyotumika badala yake wakati wa kuingia, na kadi ya kijani ya binti, mwende kwa mwanasheria wa shirika lililowapokea, akazikague kabla ya kutuma maombi ya pasipoti. Karatasi za kambini mara nyingi zina tarehe za kuzaliwa zinazotofautiana, na hilo lisahihishwe mapema.

Mchangiaji, mwanafunzi kutoka Nairobi, Minnesota:

Mimi niko hapa kwa viza ya mwanafunzi wa kigeni, F-1. Je, haya yote yananihusu?

Mleta uzi:

Yanakuhusu kwa sehemu, ndugu. Kiangazi kwako ni likizo, hulazimiki kusoma, na ukisoma unalipa mwenyewe kwa sababu msaada wa serikali haukuhusu. Ukienda nje kwa programu ya chuo chako mwenyewe, ofisi ya wanafunzi wa kigeni inaweza kuiacha rekodi yako ikiwa hai, lakini waone kabla hujalipa chochote, wakusainie I-20, ile fomu ya chuo inayothibitisha uanafunzi wako, na uhakikishe viza iliyo katika pasipoti yako itakuwa haijaisha siku ya kurudi. Zito zaidi ni kwamba vyuo vingi vya udaktari vya hapa havipokei waombaji wa kigeni, na baadhi ya vinavyopokea hudai uthibitisho wa fedha za miaka yote minne. Kabla ya kupanga kiangazi, fungua MSAR uandike orodha ya vinavyokupokea, ndipo uone masharti yao ya sayansi.

Mchangiaji, mzazi, Ohio:

Kaka, mpwa wako amefikia wapi?

Mleta uzi:

Dada, ameikunja ile karatasi ya kwanza na kuandika nyingine. Amebaki katika kemia ya jumla muhula huu, na wiki iliyopita alipata 84 katika mtihani wa kati. Fomu ya idhini ya fizikia ya kiangazi cha mwakani ameshaichukua kwa msajili, ingawa haiwezi kusainiwa hadi ratiba ya kozi itoke. Jumapili hii anakuja tena. Nimemwahidi kumwonyesha jinsi ya kukishika kile chombo chenye koki, kwa kutumia maji na mafuta ya kula, ili mkono wake uzoee kuuliza kila mara ni tabaka lipi linakaa juu.